Nimempiga Mzee Cassian

Katika darasa la upigaji picha la kidato cha tatu, watu walikatwa vichwa kila wiki na hakuna aliyemwaga chozi.

"Huyu bibi umemkata kichwa," Mwalimu Adelgunda alikuwa akisema, huku ameinua kamera ili wote waone kwenye kioo chake. "Na huyu mwuza ndizi umemkata miguu. Atafikaje sokoni? Rudi ukampige tena."

Darasa zima lilicheka, na aliyekosea alicheka kuliko wote ili aibu imtoke. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yao ya kazi. Kumpiga mtu ni kumpiga picha. Kumkata kichwa ni kuelekeza kamera vibaya hadi kichwa kikabaki nje. Kummalizia ni kurudi kwake kuchukua picha zilizobaki. Neno "picha" lenyewe walikwisha kulitupa siku nyingi, wakaona linawachelewesha. Vijana, bwana! Neno fupi kama hilo linawachosha ulimi, lakini wape habari za mpira uone kama watanyamaza kabla jua halijachwa.

Prudensia alikuwa mmoja wao. Kila asubuhi alichota maji, akafagia uwanja, akaondoa majani makavu ya migomba iliyoizunguka nyumba yao, kisha akashika njia ya kwenda shule, huko huko Kamuli, wilayani Kyerwa. Somo hili lilipoletwa shuleni, wazazi walinong'ona. Mtoto asomee kupiga picha? Si afadhali ushonaji? Lakini Prudensia alilipenda kwa moyo wote. Tangu aishike kamera alianza kuona vitu alivyokuwa akivipita tu: umande juu ya matunda ya kahawa, mishipa ya mikono ya mama yake anapomenya ndizi.

Muhula huo mwalimu aliwapa kazi ambayo alama zake zingeingia katika mtihani wa mwisho. Kila mmoja achague mtu na kitu anachokipenda maishani, kisha ampige picha akiwa nacho. Prudensia hakufikiri mara mbili. Alimtaka jirani yao, Mzee Cassian, na fahali wake Ruhogo, mwekundu wa kuiva, mwenye pembe ndefu ambazo wapita njia walisimama kuziangalia.

Tatizo lilikuwa mpaka. Kati ya kibanja cha Mzee Cassian na kibanja cha akina Prudensia ulisimama mstari wa milamula, miti ya majani membamba ambayo watu wa kule huipanda kuonyesha mwisho wa shamba. Mvua zilipoanza, mlamula mmoja ulikutwa umeng'olewa. Jovin, kaka yake Prudensia, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba tangu baba yao afariki, alisema ni mzee. Mzee alisema ni Jovin. Walirushiana maneno hadi watu wakajaa. Jovin, kijana wa hasira za karibu, alilichomeka panga lake kwenye shina la mgomba, maji yakaruka, akapaza sauti:

"Siku nikikukuta tena kwenye mpaka huu, mzee, watakuokota vipande!"

Kitongoji kizima kilisikia. Tangu siku hiyo alikataza mtu yeyote wa nyumba yake kukanyaga kwa Mzee Cassian.

Kwa hiyo Prudensia alidanganya. Jumamosi alasiri aliificha kamera ya shule ndani ya kitenge, akasema anakwenda kujisomea kwa rafiki yake Joanitha, akazunguka nyuma ya mibuni hadi kwa mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwana wange." Mzee alimpa punje za kahawa kavu atafune, kama apewavyo mgeni. "Kaka yako anajua umekuja?"

"Anajua."

Uongo wa pili huo, tena ulitoka laini kuliko wa kwanza.

Alimpiga picha mzee akimsugua fahali shingoni, akimsemesha kwa Kinyambo, akimtoa kupe nyuma ya sikio. Prudensia alivutwa mno na zile pembe. Aliziangalia kupitia kamera hadi akaijua kila alama iliyokuwa juu yake. Jua lilipokuwa limekwisha kuzama ndipo alipozitazama picha zake, akajishika mdomo. Pembe zilikuwa nzuri ajabu, lakini ile picha kubwa, aliyoitegemea kuliko zote, ilimwonyesha mzee kuanzia mabegani kushuka chini.

"Babu, nimekukata kichwa!"

Mzee Cassian alicheka hadi akakohoa. "Basi uje kesho alfajiri unirudishie! Nitavaa koti langu la harusi ya mwanangu, nitashika na mwavuli mpya. Nisimame na Ruhogo kama mtu na mtu mwenzake."

Usiku Jovin alipokuwa akioga, Prudensia alichukua simu yake. Wanafunzi hawakuwa na simu zao. Waliandikiana kupitia simu za wakubwa, na Joanitha alitumia ya baba yake, Nolasco, mnunuzi wa kahawa. Prudensia aliandika haraka haraka, bila hata kuweka jina: "Nimempiga mzee Cassian leo jioni kwake. Giza lilikuwa linaingia nikamkata kichwa. Kesho alfajiri narudi nimmalizie. Usimwambie mtu."

Alituma. Kisha, ili kaka yake asijue alikokuwa, akaufuta ujumbe kwenye simu ile.

Kulipopambazuka siku ya Jumapili, mama yake alikuwa amekwisha kwenda misa ya kwanza pamoja na Joanitha, ambaye alikuwa mwanakwaya. Jovin alikuwa kibanjani, akikata majani ya mbuzi kwa panga. Prudensia alinyata na kamera yake kupitia nyuma ya mibuni. Hajafika mbali, akasikia sauti ya mwanamke ikipasua asubuhi.

"Enduru! Enduru! Jamani, Mzee Cassian wamemuua!"

Enduru ni ukelele wa hatari, na kule ukipigwa hakuna anayejifunika shuka. Wanaume walitoka kila upande na fimbo, majembe, na mapanga. Walimkuta mzee amelala kwenye lango la zizi, koti lake la harusi limelowa damu, ngozi ya kichwa imepasuka kutoka juu ya sikio hadi kwenye paji la uso. Alikuwa bado anapumua. Nolasco, mtu wa kuheshimiwa, alitoa simu mfukoni ili aite bodaboda. Akaona kuna ujumbe ambao hakuwa ameufungua. Ulitoka kwa Jovin.

Aliusoma kimya. Kisha akausoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Nimempiga mzee Cassian leo jioni kwake. Giza lilikuwa linaingia nikamkata kichwa. Kesho alfajiri narudi nimmalizie. Usimwambie mtu."

Hapakuwa na haja ya kuambiana la kufanya. Bodaboda ilipoondoka na mzee aliyeshikiliwa katikati, kundi zima lilishika njia ya mbele kuelekea kwa akina Jovin.

Prudensia, aliyejibanza kwenye mibuni kwa hofu hadi kelele zilipopungua, aliibukia nyuma ya zizi wakati kundi limekwisha kuondoka. Hakujua wamekwenda wapi. Alichoona ni damu kwenye matope, nyingi kuliko alivyowahi kuona hata siku ya kuchinja ng'ombe wa sikukuu. Pembeni palikuwa na mwavuli mpya mweusi, umefunguka, vyuma vyake vimepindika nje na kitambaa kimechanika. Ruhogo alikuwa katikati ya migomba, akikoroma na kurusha kichwa, shina moja la mgomba amelilaza chini.

Mtu mwingine angekimbia. Prudensia naye alitaka kukimbia. Lakini pembe zile alikuwa amezitazama jioni nzima, akijua zilivyokuwa safi, na sasa ncha ya ile ya kulia ilikuwa nyeusi kwa damu iliyoganda. Akaelewa. Mwavuli ulifunguliwa ghafla mbele ya uso wa fahali. Hakuna mtu aliyempiga mzee. Aliinua kamera, akarudi nyuma hatua chache ili asikate kitu: fahali, pembe, mwavuli, damu, vyote ndani ya picha moja.

Ndipo aliposikia kelele kutoka kwao.

"Mtoeni huko!"

"Msimwache! Muueni!"

Alikimbia akikata moja kwa moja katikati ya milamula, majani yakimchapa usoni. Alipofika uwanjani, kundi lilikuwa limefunga duara, na ndani ya duara fimbo zilikuwa zikipanda na kushuka. Ile sauti ya fimbo juu ya mwili wa mtu hakuisahau tena. Jovin alikuwa amepiga magoti. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika, damu imemjaa shingoni na kuloanisha shati. Mtu mmoja alimpiga teke la mbavu akaanguka, mwingine akamwinua kwa ukosi ili apigwe vizuri.

"Sikuandika!" Jovin alilia. "Haki ya Mungu, sikuandika ujumbe wowote!"

Nolasco alikuwa ameshika simu mbili, yake na ya Jovin. "Namba ni yako! Na kwenye simu yako haupo. Umeufuta! Mtu asiye na kosa anafuta nini?"

"Si alisema mwenyewe atamkata vipande?" mwanamke alipiga kelele kutoka nyuma. "Tulimsikia wote!"

Jiwe lilirushwa, likampata Jovin mdomoni. Alitema damu na jino. Panga lake mwenyewe, lenye utomvu wa migomba, lilikuwa mkononi mwa kijana mmoja aliyekuwa akilipima uzito.

Prudensia alijipenyeza kati ya miguu ya watu hadi katikati. "Ni ng'ombe!" alipiga kelele. "Ni Ruhogo! Tazameni pembe yake, nimepiga picha, tazameni!"

Mmoja aliipokea kamera, akaiangalia, akasita. Fimbo kadhaa zilibaki hewani. Lakini Nolasco aliinama, akauweka uso wake karibu na wa binti.

"Na huu ujumbe, mtoto? Ng'ombe ndiye aliyeandika?"

Prudensia alifungua mdomo. Aliona macho yote yamemgeukia, na fimbo zote, na lile panga. Akisema ni yeye, watamwachia? Alimwona Jovin akimtazama kwa jicho lililovimba, asiyeelewa lolote, kwa maana hakuambiwa lolote.

Alinyamaza kwa muda wa pumzi moja tu. Lakini katika pumzi hiyo gongo lilishuka, Jovin akainua mkono kujikinga, na mfupa ukalia kama kuni kavu.

Jovin hakupiga kelele. Alitoa mguno mdogo tu, na mguno huo ndio uliomvunja Prudensia. Alijitupa juu ya kaka yake, akamfunika kwa mwili wake, gongo lililofuata likamshukia yeye begani.

"Ni mimi!" alilia. "Nimeandika mimi! Nipigeni mimi! Nilichukua simu yake akiwa bafuni, nikaufuta mimi! Nilimpiga mzee picha. Picha! Nilimkata kichwa kwenye picha! Rudisheni nyuma hiyo kamera mwone!"

Yule mwenye kamera alibonyeza alipoelekezwa. Watu wakasogea. Kwenye kioo kidogo alionekana Mzee Cassian katika shati lake la kazini, mzima, mkono wake umelala juu ya shingo ya fahali. Alionekana kuanzia mabegani. Kichwa hakikuwamo.

"Ushetani gani huu?" kijana mwenye panga alinong'ona. "Anatudanganya. Watoto wa nyumba moja hawa."

"Baba!" Sauti ilitoka njiani. Joanitha alikuwa anakuja mbio na sare yake ya kwaya, na nyuma yake mama yake Prudensia na waumini wengine, maana habari zilikwisha kufika kanisani. "Baba, acheni! Ni lugha ya darasani kwetu! Mimi nami wiki jana nilimkata kichwa padri, na Mwalimu Adelgunda akaniambia nikampige upya. Muulize mwalimu! Ujumbe huo ni wangu, baba. Kwa nini hukuningoja?"

Nolasco aliutazama tena ujumbe. Maneno yalikuwa yale yale, hakuna herufi iliyohama. Akamtazama Jovin kwenye vumbi. Fimbo ya kwanza ilikuwa yake. Akaketi chini pale pale alipokuwa amesimama, akajishika kichwa.

"Mawe! Mama wee!" mama yake Prudensia alilia kilio cha kwao, akapiga magoti kando ya mwanawe. "Mmenifanyia nini, waitu, ndugu zangu? Mmenifanyia nini?"

Moja moja, magongo yalianza kudondoshwa kwenye migomba, na wenye magongo wakaanza kuondoka kwa nyuma nyuma, kila mtu akijifanya alikuwa mpita njia. Walikuwa hodari wakiwa kundi. Sasa kila mmoja alikuwa peke yake na mikono yake.

Mchana huo huo askari polisi alifika pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Waliopiga walichukuliwa maelezo, na Nolasco hakungoja kutajwa. Alijitaja.

Kwenye kituo cha afya, Jovin alifungwa plasta ya mkono na kushonwa sikio, akalazwa katika wodi ya wanaume. Kwenye kitanda cha jirani alilala Mzee Cassian, kichwa kimezungushiwa bandeji kama kilemba. Aliamka Jumatatu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Ruhogo amekamatwa? Asipigwe, alishtushwa na mwavuli. Ni mimi niliyetaka kupendeza."

Walipomsimulia yote, mzee alimgeukia jirani yake wa kitandani. Machozi yakamtoka, yakaingia kwenye bandeji.

Jumanne Prudensia alikuja pamoja na Mwalimu Adelgunda. Alisimama katikati ya vitanda viwili, bega lake bado limevimba, akaeleza uongo wake wote: wa kwa Joanitha, wa kwa mzee, na ule wa kufuta. Hakuruka hata mmoja.

"Kaka, unisamehe," alimalizia. "Mkono wako ulivunjika nikiwa nimenyamaza. Ningesema mara moja ungekuwa mzima."

Jovin alizungumza kwa shida kwa sababu ya mdomo wake uliojeruhiwa. "Mimi nami nilisema nitamkata mzee vipande. Neno lile ndilo lililoshika fimbo kabla yako."

Mzee Cassian alinyanyua mkono wake mkavu. "Sogea, mwana wange. Wajua kwa nini ule mti wa mpakani unaitwa mlamula? Kwetu kulamula ni kuamua ugomvi. Wazee waliupanda ili usimame katikati, watu wasikatane. Lakini mti ukiamua huchukua muda, unangoja kila mtu aseme lake. Jumapili hakuna aliyengoja. Nolasco alikuwa na maneno mkononi akadhani ana ukweli, na kijiji kizima kikamfuata kama ng'ombe wafuatao kengele. Swali moja tu, 'Mtoto, una maana gani?', lingeokoa damu hii yote."

"Na sisi walimu tumekosa," Mwalimu Adelgunda alisema. Hakujitetea. "Nimewafundisha kutazama vizuri, nikawaacha waseme ovyo. Prudensia, picha ikikatwa kichwa hudanganya, na neno likikatwa kichwa hudanganya vilevile. Lakini lililokaribia kumuua kaka yako hasa ni kule kuficha. Ungemwambia Jovin ukweli jioni ile angegomba, ungelia, mngelala. Ukweli ungekugharimu usiku mmoja mbaya. Uongo umegharimu mkono wa mtu."

Prudensia aliitikia kwa kichwa.

Plasta ya Jovin ilipotolewa, yeye na Mzee Cassian walipanda upya mlamula uliong'olewa. Bado hakuna aliyejua nani aliung'oa, na wote wawili walikubaliana kwamba huenda ni Ruhogo. Nolasco alikuja bila kuitwa, akachimba shimo. Jovin alimwacha achimbe. Hakumsamehe siku hiyo, ila alimpa maji ya kunawa.

Prudensia aliwapanga mbele ya mti, mzee na kovu lake, Jovin na sikio lake lenye mshono, na fahali amefungwa mbali, mwavuli ukiwa umeachwa nyumbani. Alitazama, akarudi nyuma, akatazama tena.

"Umenikata?" Mzee aliuliza.

"La, babu. Umo wote."

Jioni alimwomba Jovin simu ili amwandikie Joanitha. Jovin alimpa, lakini akasimama nyuma yake akisoma kila neno. Prudensia aliandika, "Leo nimempiga," akasita. Kaka yake akakohoa. Akafuta, akaanza upya, polepole, kisha akamsomea kwa sauti:

"Mimi Prudensia. Leo nimempiga PICHA Mzee Cassian. Kichwa kipo. Baba yako akisoma kwanza, mwambie mzee ni mzima, anakula ndizi hapa kwetu."

"Tuma," alisema Jovin, huku akicheka na kushika mbavu ambazo bado zilimuuma.